Mama, leo tunatembea au tunasoma?

Maji yalikuwa yamekupwa, mwanangu wa miaka sita kachuchumaa mbele ya kitundu kwenye mchanga, katulia tuli, hata kupumua anapumua kwa kuiba, kwa sababu kaa mdogo alikuwa anachungulia nje na yale macho yake yaliyosimama kama njiti mbili. Mimi nikatokea nyuma yake na simu mkononi. Kwenye simu nina orodha yangu ya maneno ishirini ya Kiingereza ya ufukweni niliyoiandaa usiku uliopita, nikamwinamia nikamwambia haya, huyo anaitwaje kwa Kiingereza? Crab. Sema crab. What colour is the crab?

Kaa akazama.

Mtoto akabaki anaangalia lile tundu, halafu akanyanyua uso akaniuliza kwa upole kabisa, hana hata hasira, "Mama, leo tunatembea au tunasoma?"

Sikumjibu. Nilimwambia twende tukamwangalie dada yake. Lakini lile swali limenifuata wiki tano sasa, nikiwa napika lipo, nikiwa nafua lipo, na kila nikijaribu kujijibu nakuta jibu langu la siku ile lilikuwa tunasoma, ila sikutaka alijue.

Ile orodha

Nisieleweke vibaya, hofu yangu ilikuwa ya kweli na bado ipo. Huyu mdogo Kiingereza cha kwenye karatasi anakiweza, anapata vema zake, lakini mtu akimsemesha anajificha nyuma ya gauni langu. Dada yake wa miaka tisa anasoma vizuri kabisa, ila kila sentensi anaipima kwanza kichwani mpaka mazungumzo yanampita. Likizo ndefu inakuja, nikaona hapa ndipo pa kuziba pengo, matembezi yote tuliyopanga nikayapangia maneno yake. Ufukweni ishirini, kwenye hifadhi ya wanyama ishirini, msituni ishirini.

Siku kadhaa baada ya kaa nilikaa nikaisoma tena ile orodha ya ufukweni. Shell. Sand. Wave. Boat. Umbrella. Bucket.

Majina matupu. Maneno ishirini na hakuna hata moja la kitu ambacho yule kaa alikuwa anakifanya! Kuchungulia hakuna, kukimbia ubavuubavu hakuna, kuzama tunduni hakuna. Nilimfuata mtoto na neno ambalo angeweza kulipata kwenye kitabu cha picha akiwa amelala kitandani, na nikamkatia kitu ambacho kitandani hakipo.

Macho yake yalikuwa wapi

Nikaanza kusoma usiku, na kilichonishika zaidi ni utafiti wa 1986 wa wanasaikolojia wawili, Michael Tomasello na Jeffrey Farrar. Waliwafundisha maneno mapya watoto wadogo wa kama miezi 17 hivi, kwa njia mbili. Njia ya kwanza, mtu mzima anasubiri mtoto akiangalie kitu mwenyewe, ndipo analitaja jina lake. Njia ya pili, mtu mzima anajaribu kumvuta mtoto aache anachoangalia aangalie kingine, halafu analitaja. Maneno ya njia ya kwanza ndiyo yaliyoshika vizuri zaidi.

Niliposoma hapo niliona afueni, halafu nikapata shaka. Wale ni vitoto vinavyoanza kuongea lugha ya nyumbani kwao, wangu ana miaka sita na hii ni lugha ya pili, siwezi kubeba matokeo ya kule nikayabandika huku kama stika. Na isitoshe, mimi pale ufukweni si nilitaja kitu alichokuwa anakiangalia? Alikuwa anaangalia kaa, nikasema crab. Sasa kosa langu liko wapi?

Hili lilinichukua muda kulielewa. Yeye hakuwa anamwangalia kaa. Alikuwa anasubiri kuona kama kaa atatoka.

Mimi nilitaja kitu, yeye alikuwa kwenye tukio. Kisha nikamuuliza rangi, swali ambalo jibu lake mimi nalijua, yeye analijua, na hata kaa angeweza kuongea angeshangaa linaulizwa la nini. Mtoto anajua swali la kuulizwa na swali la kupimwa. Wanajua mapema sana.

Sisimizi

Safari iliyofuata ilikuwa msituni, njia fupi ya kutembea kwa miguu, na ile orodha niliifuta kabisa asubuhi kabla hatujaondoka maana nilijijua ingekuwepo ningeifungua. Niliweka sharti moja tu kwangu mwenyewe: sitasema neno la Kiingereza mpaka nijue anachokisubiri.

Nilidhani atashangaa miti mirefu. Hakuiangalia. Alikuta sisimizi wanamkokota panzi aliyekufa, akakaa chini, ikabidi wote tusimame, baba yao akaanza kuangalia saa nikamkonyeza atulie. Dakika tano nzima sijasema kitu. Panzi akakwama kwenye mzizi. Mtoto akasema kwa Kiswahili, kwa uchungu kabisa, "Amekwama!" Ndipo nikasema, na mimi nimechuchumaa, kama vile najisemea, "Oh no, it's stuck."

Hakunijibu. Sawa.

Sisimizi wakavuta, wakavuta, nikasema pull, pull, pull, panzi akachomoka akaporomokea upande wa pili na mtoto akapiga kelele, "It's not stuck!"

Ile not mimi sikumpa. Aliitoa kwake mwenyewe, alikuwa nayo siku zote.

Tulikaa pale labda robo saa, na yakapita stuck, pull, heavy, fall off, try again, na jambo moja likanifungua macho ambalo sijui kwa nini sikuliona miaka yote hii na mimi mwenyewe nilivyohangaika na Kiingereza. Sisi kuanguka kwetu kuna maneno mengi, tunda linadondoka, mtu anatumbukia shimoni, udongo unaporomoka, kila anguko na kitenzi chake. Mwingereza mara nyingi anachukua fall ileile halafu anaibandikia kineno: fall off, fall in, fall down. Mzigo wote wa maana uko kwenye kile kineno cha mwisho. Na vile vineno kwenye karatasi ni adhabu, mtoto anakariri tu off, in, down bila kuona tofauti, ila ukiwa mbele ya panzi aliyetoka kwenye mzizi akaangukia shimoni, tofauti unaiona kwa macho, hakuna cha kueleza.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, ambaye miaka ya 1960 aliijenga njia yake yote ya kufundisha juu ya kitu kama hiki, mwili ufanye kwanza mdomo utafuata baadaye. Wanafunzi wake walisikia amri kwa lugha ngeni, kama Kijapani au Kirusi, simama, tembea, ruka, na wakazifanya, hawakulazimishwa kuongea. Matembezi yamejaa hayo. Jump over. Hold on. Climb up. Wait for your sister. Mtoto anafanya huku anasikia, na kama hajasema neno siku nzima sihesabu tena kwamba siku imepotea. Zamani nilihesabu hivyo.

Saa tatu ya nani

Hii fupi. Kwenye hifadhi ya wanyama, saa saba mchana, tukakuta kibao kimeandikwa Feeding time 3:00. Binti yangu akakisoma kwa sauti, akainama, "Mama tumechelewa, saa tatu ilishapita." Na kweli tukaanza kugeuka wote wanne! Mpaka nikasimama, jamani, hiyo ni saa tatu yao. Wao wanaanza kuhesabu usiku wa manane na adhuhuri, sisi tunaanza jua linapochomoza na linapozama, masaa sita yanapishana, kwa hiyo ile ni saa tisa yetu, bado masaa mawili.

Hili la saa kalisoma shuleni, kalifanyia mtihani, kapata. Ila siku ile nusura limkoseshe kuwaona wanyama wakilishwa, na tangu hapo kila kibao chenye saa anasimama anahesabu kwa vidole, halafu vibao vingine vyote navyo akaanza kuvisoma, keep off, no entry, push, pull, mpaka mlango wa chooni. Mimi sikumwambia avisome.

"The guide, he said"

Aliyetutembeza kule hifadhini alikuwa mwanamke. Usiku binti anamsimulia baba yake kwa Kiingereza, kwa hiari yake, nami nikajikausha nisiharibu: "The guide, he said the tortoise is very old."

Nikamwambia, "Oh, she said that?"

"Yes, he said."

Kila mzazi anayeongea Kiswahili nyumbani anaujua huu wimbo. Sisi wote ni yeye, mwanamke yeye mwanaume yeye, mtoto wetu anaanzaje kukumbuka katikati ya hadithi tamu kwamba kuna lugha inataka kujua jinsia ya mtu kabla hajamaliza sentensi? Ni vilevile na mkono, ambao kwao ni arm na hand, mguu ni leg na foot, kidole cha mkono kina jina lake na cha mguu kina lake.

Swali lililonisumbua ni hili, nisahihishe au niache? Nikiacha nahisi nafuga kosa. Nikisahihisha hadithi inakufa, nimeiona ikifa mara nyingi, mtoto anasema "aah basi" na hamalizii.

Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha 1997 uchunguzi wao wa madarasa ya watoto wa Canada waliokuwa wanasomeshwa kwa Kifaransa, lugha yao ya pili. Njia iliyotumiwa na walimu kuliko zote, asilimia 55 ya masahihisho, ilikuwa ileile yangu, kurudia alichosema mtoto ukiwa umekinyoosha. Lakini asilimia 31 tu ya hayo ndiyo yaliyomfanya mtoto aonyeshe chochote kwamba amesikia marekebisho. Mengine yalipita kama upepo, maana mtoto anadhani unakubaliana naye. Yes, he said. Walimu walipomwachia mtoto nafasi anyooshe mwenyewe, watoto waliitikia mara nyingi zaidi.

Basi usiku mwingine nikajaribu, akasema tena he, nikauliza kama mtu aliyepotea kweli, "Wait, who said?" Akasita. "The guide... she." Akaendelea na kobe wake.

Dakika mbili baadaye akarudi kwenye he. Nikaacha.

Uamuzi wangu kwa sasa, na naweza kuubadilisha, ni kosa moja kwa hadithi moja, na lile tu linalonichanganya kweli mimi msikilizaji. Mengine yote nayapisha. Inaniuma kuyapisha, lakini nikilinganisha mtoto anayesema he kwa sauti na mtoto aliyenyamaza kwa usahihi, namtaka huyu wa kwanza.

Zawadi nilizozirudisha kabatini

Kabla ya yote haya kuna kipindi niliahidi dakika za ziada za simu kwa kila sentensi ya Kiingereza. Yule mdogo akawa anatoa sentensi kama mashine, I see a tree, I see a car, I see a tree, anahesabu vidole, hata nje haangalii vizuri. Siku nilipoacha kutoa dakika, sentensi zikakatika siku hiyohiyo.

Baadaye ndio nikasoma jaribio la Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett la 1973. Watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora, baadhi wakaahidiwa cheti chenye muhuri wa dhahabu na utepe kama watachora. Wakachora. Wiki moja au mbili baadaye, kalamu zilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, wale waliokuwa wameahidiwa walizitumia kwa muda wa kama nusu ya wenzao.

Nilisoma nikafunga simu nikaenda kumwangalia amelala.

Mtoto mwenye ndoo nyekundu

Tulirudi ufukweni mwisho wa likizo, na pale karibu yetu kulikuwa na familia ya wageni, mtoto wao wa umri kama wa wangu, Kiswahili hajui hata neno, ana ndoo nyekundu. Wangu hana ndoo. Alikuwa anachimba kwa kifuniko.

Nilijua akirudi ataniambia nimwombee ndoo. Hakurudi. Kwa mbali nikaona mikono inarushwa, kichwa kinatikiswa, halafu nikasikia sauti ya mwanangu, yule anayejificha nyuma ya gauni, "My turn! Wait! Wait! More water!"

Sentensi tatu zina maneno matano tofauti. Nimezihesabu mara nyingi.

Katuni za Kiingereza anaangalia tangu ana miaka mitatu na anacheka pale panapochekesha, kwa hiyo anaelewa, lakini katuni haijawahi kuwa na ndoo anayoitaka yeye. Patricia Kuhl na wenzake walionyesha 2003 kitu cha namna hii kwa watoto wadogo zaidi: vichanga wa Kimarekani wa miezi tisa waliochezewa na kusomewa na watu hai wanaoongea Kimandarini, vikao 12 tu, waliendelea kuzisikia tofauti za sauti za lugha ile. Waliowekewa watu walewale kwenye video au sauti peke yake hawakuonyesha kujifunza. Tena nasema, vichanga, na sauti tu, sio mazungumzo. Ila mimi niliiona ndoo.

Shida ni kwamba siwezi kuagiza mtoto mgeni kwa kila matembezi. Anayebaki ni mimi, na Kiingereza changu nakijua kilivyo, matamshi yangu yana lafudhi, think yangu na sink yangu mtu inabidi azitafute tofauti. Hili liliniweka kimya miaka, nilikuwa naona bora asikie kwa wenye nayo kuliko ajifunze kwangu makosa. Sasa naona nilichokuwa namfundisha kwa kule kunyamaza ni kwamba Kiingereza ni kitu ambacho mama anakiogopa. Matamshi atayapata kwa watu wengi maishani. Mtu wa kuchuchumaa naye mbele ya sisimizi ni mimi hapa.

Kiswahili kwanza, tena kwa fujo

Kuna kitu sikukitarajia wakati naanza. Nilidhani kila dakika ya Kiswahili kwenye matembezi ni dakika ya Kiingereza iliyopotea, na nilikuwa namkatiza, "say it in English," wakati mtoto ana habari inambubujika. Unajua kinachotokea? Habari yenye rangi zote inaingia upande mmoja inatoka upande wa pili ikiwa it is good. Kaa aliyekimbia ubavuubavu na pumzi iliyobanwa na tundu lililofunga, vyote vimegeuka it is good.

Siku hizi habari inatoka kwanza kwa lugha iliyoibeba, yote, kwa mikono na makelele. Mara nyingine inaishia hapo. Mara nyingine, kwenye gari tukirudi, wakiwa wamechoka na mchanga kwenye nguo, naanza mimi kwa Kiingereza changu, naikosea kusudi, "So the ants were pulling a... banana?" na nyuma kunalipuka, "Nooo! A grasshopper!" Neno hilo dada yake ndiye aliyelitafuta, aliniomba simu alitafute siku ileile ya msituni na kalishikilia.

Zikifika sentensi nne tano tunaacha tunaimba. Sihesabu.

Wiki iliyopita

Shule zimefunguliwa. Jioni moja namtafuta mdogo akaoge simwoni, naita haitiki, naingia chumbani nakuta kitandani hayupo, halafu naona vidole vinatokeza chini ya kitanda, kisha paji la uso, kisha macho mawili yananiangalia. Amelala kifudifudi.

Nikachuchumaa. Nikasubiri.

Akaanza kurudi nyuma taratibu, tumbo linaburuza sakafuni, mpaka zikabaki kucha tu kwenye mwanga, na sauti ikatoka huko gizani, "Mama, look. I going back in."

Ile am haikuwepo. Nikamwambia, "I'm waiting," nikakaa chini sakafuni.